Raba bendi ya shangazi

Nilimkuta shangazi kibandani kwake Tandika, saa tano asubuhi, anakaanga vibua. Juu ya kigoda, pembeni ya beseni la samaki, zilikuwepo simu mbili zimefungwa pamoja kwa raba bendi.

Ya juu ni kitochi chake cha siku zote, namba zimeshafutika kwenye vitufe. Ya chini ni simu niliyomchagulia mimi. Zimelala mgongo kwa mgongo, na katikati ameweka kipande cha kanga zisikwaruzane.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Sogea huku, moshi usikuingie."

Simu ikaita. Ile ndogo. Akajifuta mkono, akalinyanyua furushi lote, akaongea na kitochi huku kioo cha ile kubwa kikitutazama sisi wateja. Alipomaliza akalirudisha kwenye kigoda, akageuza samaki.

Sikusema kitu. Nililetewa kibua na ndimu, nikala, nikaaga.

Ni wiki sita sasa. Nikiwa kwenye foleni ya Buguruni naiona ile raba bendi. Nikikaa kutengeneza kadi ya harusi ya mtu naiona. Mke wangu ananiambia naifanya kesi: "Simu ni nzima, shangazi hajalalamika, wewe unalia nini?"

Hajalalamika, ni kweli. Hilo ndilo linaloniuma.

## Mtaalamu wa ukoo

Kila ukoo una mmoja wa namna hii. Kwetu ni mimi. Mtu akitaka simu ananipigia, simu ikimwambia nafasi imejaa ananipigia, mtoto akifuta picha za msiba napigiwa usiku wa manane. Sijasomea popote. Cheo nilikipata kwa kupigwa.

Mwaka 2014 nilinunua simu Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa laki na themanini. Nyuma ina jina kubwa, kioo kinang'aa, muuzaji mcheshi. Miaka miwili baadaye TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano, wakaanza kututangazia: bonyeza *#06#, chukua namba ya IMEI itakayotokea, yaani namba ya utambulisho wa simu, itume kwenda 15090. Nikatuma. Jibu likaja na jina la simu nyingine kabisa, si ile niliyokuwa nimeishika mkononi. Nikajifariji kwamba mtambo umekosea.

Usiku wa 16 Juni 2016, ilipotimu saa sita, mtandao ukaondoka na haukurudi tena. Asubuhi nilikuwa na kioo cha kujitazamia.

Tangu siku hiyo nikaapa sitadanganywa tena. Nikawa mtu wa kusoma. Aina za prosesa, yaani ubongo wa simu, nikazijua, kioo cha AMOLED na kile cha kawaida nikavitofautisha nikiwa mita tatu. Nikajifunza kuipima flashi kwa programu kabla sijatoka dukani (moja ya GB 64 ilishika GB 7, zilizobaki zilikuwa hadithi). Watu wakaanza kuniuliza. Na mimi, nikiri tu, nilipenda kuulizwa.

Kwa hiyo shangazi alipopata zamu yake ya mchezo wa kuchangiana pesa mwaka jana, akanikabidhi laki tatu na nusu taslimu, zinanukia samaki, akasema, "Nitafutie simu nzuri, ya kupangusa."

Nilimuuliza swali moja tu.

Nilimuuliza anataka rangi gani.

"Yoyote baba. Wewe ndiyo unajua."

Kwa pesa ile njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, simu mpya ya boksi, ya daraja la kati kushuka chini, yenye waranti. Ya pili, simu ya mtumba iliyotoka nje, ambayo miaka michache nyuma ilikuwa ya matajiri. Mimi sikusita. Kamera ya mtumba ile ilikuwa mbali, prosesa mbali, kioo ndiyo usiseme. Tena ilitengenezwa isiingie maji! Shangazi anashinda kwenye maji, nikajipongeza. Nilisahau kwamba simu ikishafunguliwa na fundi kubadilishwa betri, ile gundi ya kuzuia maji haina tena mdhamini.

Nilimpelekea Mbagala Jumapili. Akaifunika kwa kitambaa kama sahani ya pilau.

## Tundu moja

Ile simu ina tundu moja la laini.

Sitasema sikujua. Nilijua. Simu nyingi za mtumba zinazotoka nje ziko hivyo: kadi moja, na laini ya pili inaingia kwa eSIM, isiyo na kadi. Tena iPhone 14 zilizouzwa Marekani hazina tundu hata moja. Niliyajua haya yote, nikajiambia tutakwenda siku moja kumsajilia eSIM. Siku hiyo haikufika. Baadaye nikajiambia atazoea.

Sasa mtazame shangazi anavyofanya kazi. Saa kumi alfajiri yuko Feri, kwenye soko la samaki. Yule anayemnunulia mnadani analipwa kwa M-Pesa, kwa hiyo ni *150*00#. Wateja wake wa Tandika, mama ntilie na wale vijana wa gereji, wengi wanamlipa kwa Mixx by Yas, ambayo yeye bado anaiita Tigo Pesa kama nusu ya mji huu, na hiyo ni *150*01#. Laini moja inapokea pesa, nyingine inatoa. Ukimwachia laini moja umemwachia nusu ya biashara.

Siku tatu za mwanzo alijaribu kubadilisha laini. Kile kipini cha kufungulia kilipotea siku ya kwanza, akawa anatumia hereni. Anavua hereni, anachokoa, anatoa kadi, anaweka nyingine, anavaa hereni. Siku ya tatu, pale pale kibandani, kadi ikachomoka na kuangukia kwenye beseni la vibua. Aliitafuta kwa vidole kati ya matumbo ya samaki, wateja wakisubiri. Akaipata, akaisuuza, akairudisha kwenye kitochi. Ikabaki humo.

Haya aliniambia binti yake. Shangazi mwenyewe alicheka tu.

Halafu kuna vidole. Kufungua kwa alama ya kidole ilikuwa moja ya sifa nilizomsifia. Lakini shangazi ameparua samaki miaka ishirini na kitu, ncha za vidole vyake zimelainika kama kokoto za pwani. Simu inamwambia ajaribu tena. Anajaribu tena. Mafuta ya kukaangia nayo yamo. Mwisho ameiwekea namba nne, na hizo namba nne zimeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye kava.

Kamera? Kwenye simu nzima nilikuta picha kumi na moja. Nne ni za sakafu.

## Somo nililokuwa nimeshalilipia

Kinachonikera si kukosea. Ni kwamba kosa hili nilikuwa nimeshalifanya, nikalipa, nikapewa na risiti.

Mwishoni mwa 2023 niliamua kuunda kompyuta ya nyumbani. Natengeneza kadi za harusi na za michango, mabango ya mikutano ya injili, vitu vya namna hiyo, na laptopu yangu ilikuwa imefika mahali pa kuomba dua kabla ya kuiwasha. Jamaa mmoja wa duka la kompyuta alinishauri nichukue desktop ya mtumba, zile zinazotoka maofisini Ulaya, niongeze RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) na SSD (diski ya kuhifadhia), nitafanya kazi zangu zote kwa laki tatu na chenji itabaki. Ulikuwa ushauri mzuri. Niliudharau, kwa sababu nilikuwa nimeshatazama video za kuunda kompyuta miezi miwili mfululizo, na mtu akishatazama video miezi miwili hashauriki.

Nikanunua kipande kimoja kimoja. Prosesa ya Ryzen 5 5600G, laki tatu na themanini, hiyo ina uwezo wa picha ndani yake, huhitaji kadi ya picha. Madabodi, ile bodi inayobeba vipande vyote, ya B450 ya mtumba, laki na themanini. RAM GB 16, vijiti viwili vya nane nane, maana prosesa ya aina hii inaazima RAM kwa ajili ya picha na vijiti viwili vinaipa njia mbili za kupita. SSD, pawa saplai, kasha. Jumla milioni moja na elfu sitini. Kasha nilichukua lenye feni za taa za rangi.

Feni za taa za rangi. Mtu mzima, baba wa watoto wawili.

Kuunda kwenyewe kulinipa raha ambayo sijawahi kuipata kwa simu. Nilitandika shuka jeupe mezani. Prosesa ile ina miguu 1,331, myembamba kuliko sindano, na hukandamizi: unaoanisha ile pembetatu ya dhahabu na pembetatu ya kwenye soketi, unaiachia, inadondoka yenyewe mahali pake. Nilishika pumzi. Mwanangu wa pili alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma kama nilivyomwamuru, naye ameshika pumzi. Nikafunga feni, nikabana RAM tundu la pili na la nne, nikaunganisha vile vinyaya vidogo vya swichi ambavyo naamini viliundwa na mtu asiyewatakia wenzake mema. Nikabonyeza.

Feni zikazunguka. Taa zikawaka rangi zote. Skrini ikabaki nyeusi.

Nilikaa nayo usiku kucha. Nilitoa RAM, nikairudisha. Nilibadilisha waya wa skrini. Saa nane usiku umeme ukakatika, nikalala.

## "Tabata hii hii?"

Asubuhi nikaibeba kwenye bajaji, nimeikumbatia kama mgonjwa, hadi kwa fundi mmoja Kariakoo. Ghorofa ya pili, chumba hakina dirisha, jenereta linaunguruma koridoni. Msimu ule wa mgao wa umeme nadhani hakuna aliyeusahau. Hata mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulikuwa haujaanza kuzalisha, tuliusubiri mpaka Februari 2024.

Fundi alifungua kasha, akatazama mara moja.

"Braza, haijafa. Bodi ya zamani, prosesa mpya. Hazijuani."

Akanieleza. BIOS ni ile programu ndogo inayokaa kwenye madabodi, ya kwanza kuamka ukibonyeza swichi. Bodi za B450 zilianza kuuzwa 2018, prosesa yangu ilitoka 2021. BIOS iliyomo ndani haijawahi kusikia habari za huyu mgeni, haimfungulii. Dawa yake ni kuchomeka prosesa ya zamani inayofahamika, kusasisha BIOS kwa flashi, halafu kuirudisha ile mpya. Elfu thelathini. Nikasema sawa, fanya.

Hakuanza. Alikaa.

"Nangoja umeme utulie. Jenereta hili likizima katikati ya kusasisha, bodi imekwenda. Nyumbani una UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika?"

"Bado."

"Prosesa hii umenunua lini?"

"Mwezi uliopita."

"Na unakaa wapi?"

"Tabata."

Akanitazama. "Tabata hii hii?"

Hakucheka kwa dharau, alicheka kama mtu aliyeona mwenzake amevaa shati upande wa ndani. Mwishowe alivuta UPS yake kutoka chini ya meza, akachomeka kompyuta yangu humo, akafanya kazi. Dakika chache tu. Ule mstari wa kuhesabu asilimia ulipofika themanini na kitu, jenereta likakohoa, taa ya chumba ikafifia, na ile UPS ikapiga mlio wake mmoja mkali. Mstari ukaendelea. Sijawahi kupenda mlio kama ule.

Nilinunua UPS siku hiyo hiyo, kwa kukopa.

Njiani nilijiuliza imekuwaje. Miezi miwili ya kusoma, nakala tatu za orodha, na katika orodha zote tatu hakuna UPS. Wala kichujio cha vumbi hakuna, na barabara yetu ni ya vumbi Januari hadi Desemba, mvua ikinyesha ndiyo inakuwa tope. Kwa nini? Kwa sababu wale niliokuwa nawatazama wanaishi mahali ambapo umeme haukatiki na madirisha yanafungwa kwa kioo. Hawakunidanganya. Walinieleza vizuri kabisa namna ya kuunda kompyuta ya kwao.

Nikasema hilo limeniingia. Niliwasimulia watu. Mbele za watu nilikuwa nasema, "Anza na UPS, halafu ndiyo kompyuta."

Kisha mwaka jana nikaenda kumnunulia shangazi simu kwa orodha ile ile.

## Nilichokuwa nakitafuta

Nimejaribu kujitetea. Kwamba laki tatu na nusu isingempa simu bora kuliko ile. Kwamba kweli ile ni bora, ukiziweka mezani zote mbili. Ila shangazi haziweki mezani. Anaziweka kwenye kigoda, pembeni ya beseni.

Kuna jambo jingine ambalo sikupenda kulikuta. Nilipokuwa namchagulia, niliyekuwa namfikiria hasa ni yule binamu yangu anayefanya kazi za benki. Nilimwona anaishika simu ya shangazi siku ya sikukuu, anaigeuza, anasema, "Nani kakutafutia hii?" Na alisema kweli! Idd iliyopita, maneno hayo hayo. Nikatabasamu hadi masikio. Shangazi alikuwa jikoni, kitochi kiunoni.

Sijui kama ningemuuliza angenijibu. Pengine angesema tena yoyote baba. Mtu ambaye hajawahi kushika kitu atajuaje anachokitaka ndani yake? Lakini kuna maswali ambayo hayakuwa na haja ya utaalamu wowote. Una laini ngapi? Unachajia wapi? Nani anakupigia sana, na unakuwa wapi akipiga? Hayo hata mtoto wa darasa la tatu angeyauliza.

## Aggrey, Jumamosi

Juzi alinipigia mwenyewe. Zamu yake ya mchezo imerudi. Ile simu anampa binti yake aliye chuoni, yeye anataka nyingine. "Nisindikize," alisema. Si nitafutie.

Tukakutana kituo cha mwendokasi cha Msimbazi, tukatembea. Alivaa kitenge kizuri, mkoba kwapani. Duka la kwanza hakulipenda, kijana alikuwa anaongea huku anatazama simu yake. La pili tukaingia.

"Karibu mama yangu, karibu sana. Nikupe gani?"

Shangazi akafungua mkoba, akaweka laini zake mbili juu ya kioo cha kaunta.

"Hizi zinaingia zote? Na memori kadi pia iingie, isiwe tunafukuzana."

Kijana akatoa tatu. Shangazi akaomba maji. Akaletewa chupa, akachovya kidole, akapangusa kioo cha moja baada ya nyingine. Moja ikawa inarukaruka, akaisukuma pembeni. Akawasha tochi za zilizobaki, akazielekeza chini ya meza palipo giza. Halafu akanituma.

"Nenda pale kwa yule anayetangaza nguo kwa spika. Simama karibu yake, unipigie."

Nikaenda. Nikasimama kando ya spika inayopiga kelele za buku mbili buku mbili, nikapiga. "Sema kitu," akasema. Nikasema vibua vimepanda bei. "Nimesikia," akakata.

Niliporudi kijana alikuwa anasifia. "Na hii mama ni RAM GB 8, nyepesi, haigandi." Nikatazama boksi. Kwa maandishi madogo: 4+4. Hapo ndipo nilipofungua mdomo, mara moja tu siku nzima. Nikamwambia shangazi kwamba RAM ya kweli ni nne, nne nyingine simu inajikopea kutoka kwenye nafasi ya kuhifadhia picha.

"Kwa hiyo ni nne."

"Ni nne."

Akamgeukia kijana. "Mwanangu, hii ni kama samaki wa barafu. Ikiyeyuka si anapungua? Nipe bei ya nne."

Ikashuka elfu ishirini. Risiti wakatoa, waranti wakaandika, laini zote mbili zikaingia. Kidole chake haikukitambua. Akapandisha mabega, akaweka namba nne.

Nje, kivulini, akatoa kitochi mkobani. Nikadhani anakizima. Akatoa na kile kipande cha kanga, akakilaza mgongoni mwa simu mpya, akakibandika kitochi juu yake, akavuta raba bendi.

"Shangazi, si laini zote zimeshaingia?"

"Zimeingia."

"Sasa hicho cha nini?"

Akalipima furushi mkononi, juu, chini, kama anapima nusu kilo.

"Kikiwa chepesi nakisahau Feri. Hivi nikidondosha nasikia."